Mmesahau ya Slafkovský?

Kuna mwandishi kaandika kwamba vijana wa Canadiens, timu ya Montreal ya mpira wa magongo wa barafuni, wasiofunga mabao warudishwe ligi ya chini. Haya, Slafkovský mmemsahau? Mwaka 2022, timu za ligi kuu zilipogawana wachezaji chipukizi, Canadiens walimchagua yeye wa kwanza kabisa, hapahapa Montreal, na wengi tulimtaka chipukizi mwingine, Shane Wright, mimi nikiwemo. Msimu wa kwanza mechi 39, mabao 4, kisha akaumia, basi. Nilikuwa namtazama anapokea kile kisahani cheusi wanachochezea badala ya mpira, kichwa kainamisha, mtu anamjia anambamiza ukutani. Jirani yangu akasema, “Huyu gogo tu.” Msimu uliofuata alicheza mechi zote 82: mabao 20, pasi za mabao 30. Na miaka 20 kaifikisha Machi, msimu ukielekea ukingoni! Jirani sasa anavaa jezi yake mpaka sokoni.