Dawa ya tumbo ni ileile, kipimo ndicho hatufanyi

Nimeishi Uingereza miaka mingi sasa, na naona huduma ya tumbo hapa inatuzidi kwa jambo moja tu. Dawa hazijatuzidi. Omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni, anayomeza mgonjwa wa Manchester ndiyo hiyo hiyo inayouzwa Morogoro, tena hapa analipia pauni 9.90 kwa kila aina ya dawa aliyoandikiwa. Wanachotuzidi ni kupima kabla ya dozi, na inapobidi, kupima tena baada yake.

Kwetu mtu akilalamika kuwa chembe ya moyo inamchoma, jibu linatoka hajamaliza hata kueleza: hivyo ni vidonda vya tumbo. Jirani anasema hivyo, shemeji anasema, muuza dawa naye anaitikia. Shangazi yangu ameishi na jibu hilo tangu sijaondoka nchini. Likizo iliyopita alinitolea vibahasha vya dawa kutoka kwenye pochi yake. Kimoja kilikuwa na omeprazoli. Kingine kiliandikwa 1x2 kwa kalamu, bila jina la dawa, akaniambia ni ya mgongo. Ilikuwa diklofenaki, dawa ya maumivu, na alikuwa akiimeza asubuhi kabla ya chai.

Hapo ndipo roho inaponiuma. Diklofenaki, aspirini na ibuprofeni hupunguza kemikali zinazousaidia ukuta wa tumbo kutengeneza ute wa kuukinga. Ute ukipungua, asidi inaugusa ukuta wenyewe, nao unavimba. Shangazi alikuwa akijitibu kwa kibahasha kimoja na kujiumiza kwa kingine, na hakuna aliyemuuliza anameza nini kingine.

Uvimbe huo haujawa kidonda. Kidonda ni pale ukuta unapochimbika. Dalili zinafanana mno, kwa hiyo huwezi kuvitenganisha kwa kusikiliza malalamiko tu. Anayejua kwa hakika ni daktari aliyeingiza kamera tumboni. Chanzo kikubwa cha vyote viwili, ukiacha dawa za maumivu, ni bakteria aitwaye H. pylori. Waaustralia Robin Warren na Barry Marshall ndio waliomfichua kule Perth mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1984 Marshall alikunywa bakteria hao mwenyewe, ukuta wa tumbo lake ukavimba, na mwaka 2005 wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobel. Kwetu bado tunailaumu pilipili.

Hapa daktari hukupa kikopo cha kuleta choo, na kama unatumia omeprazoli anakuambia uiache wiki mbili kwanza, maana inaweza kumficha bakteria. Akionekana, unapewa antibiotiki mbili pamoja na ya kupunguza asidi, na unatakiwa umalize zote. Nyumbani wapo wanaopimwa damu. Kipimo hicho hutafuta kinga ya mwili dhidi ya bakteria, na kinga hiyo hubaki miezi, hata miaka, baada ya bakteria kufa. Mtu aliyepona anaambiwa bado anaye, anarudishiwa dozi ileile, na bakteria wanaobaki kwa watu wanazidi kuzizoea dawa.

Sisemi huku ni peponi. Foleni ya kamera inachosha, na wengi wetu tunakula usiku wa manane baada ya zamu, peke yetu. Shangazi akiumwa, uji unafika kitandani bila kuomba. Nyumbani pia unaingia maabara asubuhi na mchana unatoka na majibu. Basi tuutumie wepesi huo vizuri: tuombe kipimo cha choo badala ya cha damu, na tumwonyeshe daktari kila kibahasha tulicho nacho.

Na ukiona choo cheusi kama lami, ukatapika damu, chakula kikakwama kooni au mwili ukakonda bila sababu, usipitie duka la dawa. Nenda hospitali siku hiyohiyo.