Usiifute Picha ya Kitwitwi Iliyotikisika

Sisi wapiga picha wa ndege wa Moshi na Arusha tuna tabia moja inayoniuma: jioni tunakaa na kamera, tunafuta. Picha ina ukungu, futa. Ndege kageuza kisogo, futa. Inabaki ile moja ya mdiria aliyetulia juu ya tawi, rangi zote zimekaa, na hiyo ndiyo inayopanda mtandaoni. Kwa mdiria sawa. Kwa vitwitwi, wale ndege wadogo wa ukingoni mwa maji, tunachotupa mara nyingi kina thamani kuliko tunachobakiza.

Chukua vitwitwi watatu wanaoweza kukutana kwenye tope moja kule Mabogini, karibu na mji wa Moshi, niwataje kwa majina ya kisayansi: Tringa glareola, Tringa ochropus na Actitis hypoleucos. Wote kahawia juu, weupe chini, wote wanatembea ukingoni wakidonoa. Wakisimama mbali, jua likimetameta majini, hata mzoefu anasita. Wakiruka ndipo wanapojitaja. Ochropus chini ya bawa ni mweusi na kiuno chake ni cheupe pe. Glareola naye ana kiuno cheupe, ila chini ya bawa amepauka, na vidole vya miguu yake ya manjano vinachomoza nyuma ya mkia. Hypoleucos hana weupe kiunoni. Ana mstari mweupe bawani, na huruka chini chini juu ya maji kwa mabawa yaliyokakamaa, anapiga kidogo, anateleza, anapiga tena.

Yote hayo yanapita kwa sekunde mbili tatu. Kamera ya mtu wa kipato cha kawaida itakupa doa lililotikisika, pengine bawa limekatwa ukingoni mwa picha. Lakini doa hilo likionyesha kwapa jeusi na kiuno cheupe, jina umelipata. Ile picha nzuri ya ndege aliyesimama ndiyo inayokuacha na mjadala.

Wala usingoje hela ya kuingia hifadhini. Skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, iliyojengwa kwa ushirikiano na Japani miaka ya 1980, imejaa majaruba ya mpunga, na vitwitwi wanayapenda. Kuna pia mabwawa ya majitaka ya mji. Harufu ipo, siifichi. Ila humo jua, mwani na bakteria husafisha maji taratibu, na kwenye tope huzaliana viluwiluwi wa wadudu wadogo wafananao na mbu, chakula hasa cha ndege hawa. Omba ruhusa getini kwanza, na mweleze mlinzi unachopiga.

Kwenye majaruba ruhusa ni salamu. Ukishika lenzi ndefu shambani watu hudhani umetumwa kupima ardhi, na wana haki ya kuuliza. Mama mmoja aliyekuwa akipandikiza mpunga aliniuliza hivyo hivyo. Nikamwamkia, nikamwonyesha picha kwenye kioo cha kamera. Akatazama, akasema, "Hawa hawana neno, mwanangu. Hawa wanakula wadudu. Wanaotumaliza ni kwelea." Kisha akanieleza kwamba vitwitwi hufika maji yakiingizwa na tope likivurugwa, na mpunga ukishakua na kufunika tope huwaoni tena. Maarifa hayo yako kichwani mwa wakulima wengi. Picha zenye tarehe zingeyapa ushahidi.

Jambo moja sikubaliani nalo kabisa: kuwarusha ndege makusudi ili upate picha ya bawa. Glareola hana hata gramu 100, na mwezi Machi na Aprili anajaza mafuta ya safari ya kurudi kuzaliana kaskazini mwa Ulaya na Siberia. Kila ukimrusha unamla akiba. Kaa chini, tulia. Mwewe akipita wataruka wenyewe.

Kuhusu kutunza, hakikisha saa ya kamera ni sahihi, na andika jina la mahali siku hiyo hiyo. Ukituma picha WhatsApp kwa njia ya kawaida, taarifa zake za tarehe na mahali hupotea, kwa hiyo itume kama faili. Ukiiweka eBird, mtandao wa kuhifadhi kumbukumbu za ndege, mtu mwingine anaweza kuikagua na kukusahihisha jina. Mradi wa Tanzania Bird Atlas nao umekuwa ukikusanya kumbukumbu za watazamaji kwa miongo kadhaa, na kumbukumbu ya bwawa la majitaka ina uzito ule ule wa kumbukumbu ya hifadhini.

Mwenye picha za vitwitwi wa Mabogini za miaka ya nyuma, hata zilizopigwa kwa simu iliyoegemezwa kwenye darubini, azitoe kwenye memori kadi wiki hii na kuzipandisha. Nipo tayari kusaidia kuzitambua, hata zikiwa mia tano.