Mzee mwenye maradhi ya kusahau: afungiwe ndani au atolewe kibarazani?

Korona ilipofika Zanzibar Machi 2020, shauri lilikuwa moja: mzee akae ndani. Lilikuwa na haki yake, kwani kirusi kiliwaua zaidi waliopindukia miaka 60, hasa wenye kisukari na presha. Likija tena maradhi ya mripuko ya namna ile, shauri ni lile lile. Kwa mzee mwenye maradhi ya kusahau, hata hivyo, hesabu haiishii hapo.

Ukimwambia asitoke ataitikia, na baada ya dakika 10 yuko mlangoni na bakora yake. Akizuiwa, huona amefungwa na watu asiowajua. Hapo ndipo ugomvi, kukesha na kukataa chakula vinapoanza. Barakoa ya anayemhudumia nayo humfichia uso na mdomo wa mwenzake, na asiyesikia vizuri hupoteza nusu ya maneno. Redio ikitaja vifo kila saa, anastuka upya kila mara, maana taarifa ya mwanzo imeshamtoka.

Wanaosema aachwe aende zake nao wanasahau kuwa mzee huyu hakumbuki kukaa mbali na watu. Atapeana mikono na kila mpita njia, na akiumwa hatosema.

Kirusi hiki husafiri kwa hewa, na hewa ya chumba chenye dirisha moja haiendi popote. Aliyefungiwa humo na wajukuu watatu waliotoka skuli yuko hatarini kuliko aliyekaa kibarazani na mwenzake mmoja, wameachana hatua mbili, upepo unapita. (Baraza ya watu 11 wanaobishania bao ni jambo jengine.) Kwa hiyo wa kuwekewa masharti kwanza ni wanaoingia kwake. Awe na mlezi mmoja wa kudumu na mmoja wa akiba. Wengine wamsalimie kutoka uani. Nyumba za wazee kama Welezo na Limbani ni kesi tofauti: wazee wengi wako chini ya paa moja na mhudumu mmoja anaweza kuwaambukiza wote, hivyo kubana wageni kuna mantiki zaidi.

Kosa baya kuliko yote ni kusema "maradhi yake yamezidi" pale mzee anapochanganyikiwa ghafla. Usahaulifu huzidi kwa miezi na miaka. Akibadilika ndani ya saa chache au siku mbili, akawa anaweweseka au amezubaa hata kuamka kwa shida, kuna jambo jengine: maambukizo, upungufu wa maji, mkojo au choo kuziba, dawa mpya. Korona yenyewe huweza kumjia hivyo bila ya homa. Huyo ni wa hospitali siku hiyo hiyo.

Vidonge vya kumtuliza ni kufuli la aina nyengine. Diazepamu humwangusha, na nyonga ikivunjika mambo huharibika. Haloperidoli huongeza hatari ya kiharusi na kifo kwa wenye maradhi haya, na baadhi yao huwakakamaza vibaya. Kabla ya vidonge, tengeneza siku yake: adhana tano ndiyo saa yake, chai wakati ule ule, maji kidogo kidogo mchana kutwa, na nusu saa ya kutembea kabla ya alasiri kuisha, kwani wengi wasiwasi huwapanda jua likizama.

Udhaifu wa mpango huu ni mlezi mwenyewe kuumwa. Basi yule wa akiba aandikiwe mapema: dawa na saa zake, jina ambalo mzee huliitikia, na maneno yanayomrudisha anapoufuata mlango.