Usimwambie Mtoto Mama Amesafiri

Kwa miezi mitatu mwana wa dada yangu alikuwa akishuka gatini kila jioni. Boti ya kutoka Mokowe, ng'ambo ya bara, ikifunga, husimama kwenye ngazi akiwatazama abiria mmoja mmoja, wanawake hasa, na akiona buibui linalofanana na la mamake husogea karibu. Kisha hurudi nyumbani mtaa wa Langoni, hapa Lamu, hasemi kitu. Alikuwa na miaka sita. Tulikuwa tumemwambia mama amesafiri.

Na kweli alisafiri. Mtoto alimwona akishikwa mkono kuingia botini, kwenda Mombasa kutibiwa saratani ya titi. Huko ndiko alikofia na ndiko alikozikwa, siku hiyohiyo kama ilivyo desturi yetu. Huku Lamu hitima ikasomwa, watoto wakapelekwa nyumba ya jirani. Kwetu kisiwani anayesafiri hupanda boti, na anayerudi hushuka palepale gatini. Mtoto angefanya nini ila kumngoja?

Tulisema vile kwa huruma, lakini naamini tulimdhulumu, na bado nasikia nyumba nyingi zikisema hivyo hivyo: amesafiri, amelala. Mtoto huyachukua maneno kama yalivyo. Ukimwambia amelala, usiku ataogopa kufumba macho. Ukimwambia aliugua tu, bila kuutaja ugonjwa, ukipiga chafya ataona zamu yako imefika. Walio chini ya miaka mitano hivi hawajaelewa kwamba kufa hakuna kurudi. Huuliza leo, wakauliza na kesho, na jibu ni lilelile, lirudiwe bila kuchoka.

Niliyemwambia ni mimi. Nilikaa naye dakani, kwenye baraza ya mlangoni, baada ya sala ya alasiri, nikamshika mkono. "Mwanangu, mama amekufa. Mwili wake uliacha kufanya kazi. Hapumui tena, hasikii njaa, haumwi. Hatarudi." Akanyamaza, akikwangua chokaa ya ukuta kwa ukucha. Kisha akaniuliza, "Mamdogo, ni kwa sababu nilimwaga dawa yake?"

Miezi mitatu alikuwa nalo hilo moyoni. Siku moja, mamake akiwa bado nyumbani, aliangusha chupa ya dawa, akakemewa, sote tukasahau. Yeye hakusahau. Watoto wa umri ule huona kwamba jambo walilofanya, hata walilowaza kwa hasira, laweza kumuua mtu. Lazima wasikie kwa kinywa cha mkubwa kuwa si kosa lao. Nilimwambia, na bado namwambia.

Mzee mmoja wa nyumbani alinilaumu kwa kumliza mtoto wa kiume. Mtume wetu (s.a.w.) alifiwa na mamake akiwa na miaka sita, na alipofiwa na mwanawe Ibrahim alitokwa na machozi mbele za watu. Hili la kuwanyamazisha watoto tumelitoa wapi? Tunasoma matangani kwamba kila nafsi itaonja mauti, na watoto tumewafungia nyumba ya pili.

Laiti tungeanza mapema. Dada alipokonda na nywele zikamtoka, tungemtajia mtoto ugonjwa kwa jina, tumwambie hauambukizi, tumwache ampelekee mamake maji na kulala ubavuni pake. Tungemwambia madaktari wanajitahidi lakini huenda asipone. Wapo wanaoona huo ni ukatili. Mimi nikizikumbuka zile ngazi za gatini siwezi kukubali.

Siku ile, nilipomaliza kumwambia, aliinuka akaenda kucheza mpira na wenzake. Jirani akasema, "Ameshasahau." Sivyo. Mtoto huhuzunika kwa vipande: atalia, atacheza, atalia tena. Usiku alifungua sanduku la mamake, akatoa leso, akaja nayo hadi kitandani kwangu. Alitaka ninuse nimwambie kama harufu yake ingalimo.