Huyo Kansela wenu mlimpigia kura wapi?

Nimetua Dar wiki ya pili sasa, na kila jioni naishia kijiwe cha kahawa hapa Kariakoo. Juzi mzee mmoja, kashata mkononi, akanibana: "Wewe mtu wa Ujerumani, huyo Kansela wenu mlimpigia kura wapi?"

Nikamwambia, mzee wangu, hakuna mwananchi aliyempigia. Watu wanachagua wabunge, na wabunge ndio wanaomchagua Kansela, yaani mkuu wa serikali, tena kwa kura ya siri. Mei 2025 Friedrich Merz alihitaji kura 316. Duru ya kwanza akapata 310, na vyama vilivyoungana naye vilikuwa na wabunge wa kutosha na kubaki! Watu wa upande wake walimkata kimyakimya. Wakarudia siku hiyohiyo, akapita kwa 325. Kijiwe kizima kicheko.

Ila jeuri hiyo ina breki. Wabunge hawawezi kumng'oa Kansela kwa hasira tu. Kura inayomtoa ndiyo hiyohiyo inayomchagua wa kumrithi. Waliiweka hivyo baada ya kuchoshwa na serikali za enzi ya Weimar, kabla ya Hitler, zilizokuwa zikianguka kila mara. Imefanikiwa mara moja tu, 1982, alipotoka Helmut Schmidt akaingia Helmut Kohl.

Nikaongeza kwamba kando ya serikali ya Kansela, kila jimbo lina serikali yake. "Basi ndizo zile serikali tatu za rasimu ya katiba ya Jaji Warioba?" mzee akauliza. Hapo nikaagiza kikombe kingine. Kule serikali za majimbo ni 16, na jimbo lenyewe si hili letu la mbunge. Lifikirie kama mkoa, lakini wenye bunge lake, waziri mkuu wake na polisi wake. Mawaziri wa majimbo wanakaa pia kwenye baraza lao Berlin, linaitwa Bundesrat, lenye kura 69: Bavaria ina 6, kijimbo cha Bremen kina 3. Sheria nyingi nzito hazipiti bila wao.

Mimi Kansela hanipi wivu. Wivu wangu uko hapa: mkuu wa mkoa wetu anateuliwa na Rais, akihamishwa tunasikia redioni. Kule Bavaria ninakoishi, shule zikienda kombo, mzazi anajua wa kumwadhibu kwenye sanduku la kura, na yuko Munich, palepale jimboni.

"Na gharama? Mabunge 16, posho zake je?" akadakia kijana wa bodaboda.

Gharama ipo, nisimdanganye mtu. Hata likizo za shule kila jimbo linapanga zake. Dada yangu anaishi Köln, jimbo jingine. Watoto wake wakifunga shule, wangu bado wako darasani wiki kadhaa, kwa hiyo kuja Dar pamoja ni hesabu ngumu. Safari hii nilitua Jumanne. Ijumaa nikawa namsindikiza dada uwanja wa ndege, na mama kwenye kiti cha nyuma analalamika kwamba hatujapiga hata picha moja ya wote.