Maisha ya Mjini Yapimwe Wakati wa Mvua

Katika mtaa wetu wa bondeni, hapa Mtwara mjini, jirani yangu amechora kwa mkaa mistari mitatu kando ya mlango wake, kila mmoja ukionyesha maji yalipofika katika mwaka wake. Wa juu kabisa unanifika magotini. Mama huyo ana umeme, ana bomba uani na amekwisha kuezua makuti akaweka bati, hivyo mtu akija na dodoso mwezi wa Agosti atamwandika miongoni mwa wanaoishi vizuri.

Sina ugomvi na vipimo vyenyewe. Mwaka 2014 Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa kiwango cha ISO 37120 kuhusu huduma za miji na ubora wa maisha, na mwaka 2019 likaongeza ISO 37123 kuhusu uwezo wa miji kuhimili majanga. Ninachokipinga ni mazoea ya kuuliza kama kitu kipo, bila kuuliza kinakuwaje mvua zinapokolea kati ya Desemba na Aprili. Choo cha shimo huhesabiwa kuwa ni choo, lakini maji yakipanda hufurika, uchafu ukaingia katika kisima kilicho karibu, na familia inayochota hapo kila bomba linapokauka ikanywa maji hayo hayo. Bati nalo huhesabiwa kuwa ni maendeleo, na kweli halivuji. Ila pasipo dari, chumba hubaki na fukuto hadi usiku wa manane, na watoto hulala barazani wakiumwa na mbu.

Barabara ni hivyo hivyo. Mei 2024, katika mvua zilizoandamana na kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam ilikatika Somanga, wilayani Kilwa. Hospitali zetu zilibaki na vitanda vile vile kwenye takwimu, lakini mgonjwa mwenye rufaa ya Muhimbili, hospitali ya taifa iliyoko Dar es Salaam, hakuwa na pa kupita.

Wala vimbunga si wageni kwetu, kwani Lindi ilipigwa Aprili 1952. Kimbunga Kenneth kilipokaribia Aprili 2019, tuliambiwa tuhame maeneo ya mabondeni, na swali lililotawala mtaani kwetu lilikuwa twende wapi, na nani abaki kulinda vyombo. Hatimaye kilitua Cabo Delgado, Msumbiji, na swali letu likabaki bila jibu.

Naziomba halmashauri za Mtwara na Lindi zifanye tathmini mwezi wa Machi, zianzie nyumba zilizo chini kabisa, na ziulize ni siku ngapi mtoto hakwenda shule, ni usiku mngapi watu walikesha wakichota maji ndani, na ni nani aliyewapokea walipohama. Waanzie kwa jirani yangu: waipime mistari ile ya mkaa kwa futi kamba, waiandike kwenye dodoso pamoja na bati na bomba.