Vidole vya bluu

Najua mmeshaiona ile video yangu ya zahanati. Yule rafiki yangu ameiweka stetasi usiku uleule, tena akaongeza chumvi: eti nilimwachia wosia. Uongo. Nilimpa tu namba ya siri ya M-Pesa, kwa tahadhari.

Iko hivi. Jinzi yangu ilipauka, nikaipeleka kwa jamaa wa kutia rangi nguo, ikarudi na bluu ya ujana wake. Nikaivaa. Daladala ya Mbagala jioni mnaijua: umesimama, jasho linachuruzika, mikono yote miwili mfukoni kulinda simu na nauli.

Kufika nyumbani, kucha bluu. Vidole bluu. Nikanawa, haikutoka. (Kwa maji matupu, ndiyo. Sabuni ilikuwa imeisha. Msianze.)

Nikauliza mtandao. Kwa Kiswahili, "vidole vya bluu" ikaniletea kucha za mabibi harusi. Ningelala hapo. Lakini mimi msomi, nikauliza kwa Kiingereza: damu imekosa oksijeni, moyo, mapafu, wahi hospitali sasa hivi. Papo hapo pumzi ikaanza kunibana, na dakika moja nyuma nilikuwa napumua bila hata kukumbuka.

Bodaboda, mishikaki na yule rafiki yangu, mimi katikati ili nisianguke nikizimia. Zahanati imejaa. Mama mmoja, mtoto kajiinamia na homa, akaniangalia mikono akasema, "Mpisheni kaka wa watu." Nikapishwa foleni nzima.

Nesi akakibana kile kipimo cha oksijeni kwenye kidole cha mwisho, ambacho hakikuwa kimekolea sana. Asilimia tisini na nane, yaani sawa kabisa. Akakitazama. Akanitazama.

"Toa ulimi."

Nikatoa.

"Mbona mwekundu? Oksijeni ingepungua kiasi hicho, ulimi na midomo navyo vingebadilika, kaka yangu."

Kisha akachukua pamba. Akaichovya kwenye spiriti, taratibu, kama mtu mwenye usiku mzima wa kufanya kazi hiyo. Akashika dole gumba langu. Akapangusa mara moja. Akainua pamba juu, kwenye taa, ambako benchi zima liliiona vizuri.

Bluu.

Na chini yake dole gumba langu lilelile la kuzaliwa nalo, jeusi, lenye afya tele.

Hakusema kitu. Macho yake yakashuka polepole, mkono, kiwiko, mfuko wa suruali. Yakatulia pale.

"Suruali mpya?"

"Ya zamani," nikasema, sauti imeniishia. "Imetiwa rangi."

Nawaambia, yule mama alicheka mpaka mtoto mwenye homa akainua kichwa naye akacheka. Rafiki yangu alikuwa ameshakaa chini sakafuni, simu juu, anarekodi.

Nikalipa, nikaondoka, nikanunua sabuni. Jinzi nimeiloweka na chumvi na siki, nasikia inashika rangi. Hiyo nayo nimeisoma mtandaoni.

Na ninyi mnaouliza inboksi kama mapajani nako kulikuwa bluu: heshima ni kitu cha bure.